Njia Iliyopewa Jina

Manyok Deng alikuwa mwokaji wa mikate katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Hakuwa na kibao mlangoni, wala hakuona haja ya kuwa nacho. Jua likichomoza, harufu ya mkate ilitoka kwenye tanuri lake, ikapita juu ya mabati ya majirani, ikafika hadi barabara kubwa ya soko. Watu waliifuata harufu hiyo mpaka kwake.

"Wateja wangu wanaongozwa na pua," Manyok alipenda kusema.

Mkewe, Akuch, ndiye aliyekanda unga. Manyok alichoma. Mtoto wao Kuot, mwenye miaka saba, alikula mkate wa kwanza kabla ya kwenda shule. Mkate huo wa kwanza haukuuzwa hata siku moja.

Nyumba yao ilikuwa kwenye kinjia chembamba nyuma ya soko. Kinjia hicho kilikuwa na milango ishirini na miwili, kumi na mmoja kila upande. Ua wa Manyok ulikuwa mdogo. Kwa hiyo alipoanza kazi, alilijenga tanuri lake nje, njiani. Alilijenga kwa matofali na udongo, akaweka na pipa la mafuta lililokatwa katikati. Lilikula nusu ya njia.

Mkabala naye alikaa Thiong, fundi wa kushona nguo. Thiong naye alitoa baraza la mabati mbele ya nyumba yake, akaweka cherehani mbili chini ya kivuli. Wengine wakafuata. Huyu aliweka banda la kuku, yule akarundika kuni. Mtu mwenye wilbaro alipita hapo kwa kujibana. Hakuna aliyelalamika, maana kila mmoja alikuwa na kitu chake njiani.

Ikawa siku moja ya Jumanne, mwezi wa Oktoba mwaka 2012, saa nne asubuhi. Lokeno, Mturkana aliyewauzia kuni, alikuwa ameshusha mzigo wake kando ya tanuri.

"Ejok, Mama Kuot," Lokeno alisalimu. "Leo kuni ni kavu kabisa."

"Ejok noi," Akuch alijibu, akaingiza mkono chini ya mzigo ili avute gogo moja.

Akautoa mkono haraka. Hakupiga kelele. Aliutazama tu mkono wake wa kulia. Juu ya kidole cha kati palikuwa na matone mawili madogo ya damu. Nyoka mfupi, mwenye rangi ya mchanga, alitambaa kutoka chini ya kuni akapotelea kwenye ufa wa ukuta.

"Baba Kuot," Akuch aliita kwa sauti ya chini. "Nimeumwa."

Manyok aliacha koleo la mkate. Akatoa simu, akapiga namba ya ambulensi ya hospitali ya kambi. Aliyepokea alikuwa dereva, jina lake Elijah Kiprop.

"Mke wangu ameumwa na nyoka," Manyok alisema. "Mkononi. Njoo haraka."

"Nakuja," Elijah alijibu. "Sikiza kwanza. Mlaze. Asitembee. Mkono usitikisike. Mvue bangili na pete kabla hajavimba. Msifunge kamba, msichanje na wembe. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Haya, mko wapi?"

"Tuko sokoni, Kakuma Moja."

"Soko ni kubwa. Sehemu gani?"

"Nyuma kidogo. Karibu na kanisa."

"Kanisa gani?"

"Lile la mabati."

"Ndugu yangu, makanisa yote hapa ni ya mabati. Bloki yenu ni gani?"

Manyok hakuijua kwa kichwa. Namba ya bloki ilikuwa imeandikwa kwenye kadi ya chakula, na kadi ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa chini ya kitanda. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mtu namba ile. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Uliza mwokaji mikate," alisema. "Uliza Manyok. Watu wananijua."

"Sawa, niko njiani."

Lokeno na Thiong walimlaza Akuch kwenye mkeka, kivulini. Wakamvua bangili zake tatu. Ya mwisho ilitoka kwa shida, maana kiganja kilikuwa kimeshaanza kuvimba. Manyok alipiga magoti karibu naye. Unga ulikuwa bado umeganda kwenye vidole vya mkewe.

Dakika kumi zikapita. Dakika ishirini. Simu ikalia.

"Niko kanisani," Elijah alisema. "Simwoni mtu."

"Na sisi hatuoni gari."

"Hapa kuna kisima cha pampu na shule ya watoto wadogo."

"Hilo ni kanisa lingine," Manyok alisema. "Hilo liko ng'ambo ya lagga."

Lagga ni mto mkavu, ule ambao hupata maji siku za mvua tu. Ili kuuvuka, ilibidi gari lizunguke mpaka kwenye kivuko. Thiong alitoka mbio kwenda barabara kubwa kulitafuta. Walisikia honi mbali upande wa kushoto, kisha upande wa kulia, kisha hawakuisikia tena. Mkono wa Akuch ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko.

"Wanatutafuta?" Akuch aliuliza.

"Wanatutafuta," Manyok alimwambia. "Wako karibu."

Hakujua kama wako karibu. Alisema hivyo kwa sababu hakuwa na kingine cha kumpa.

Zilipita dakika hamsini kabla Thiong hajarudi akikimbia mbele ya gari. Gari likafika kwenye mdomo wa njia, likasimama. Elijah alishuka, akaangalia njia ile, akatikisa kichwa. Yeye na mwenzake wakabeba machela wakaingia kwa miguu. Walijipinda kupita penye baraza la Thiong. Walipofika penye tanuri, iliwabidi wainue machela juu ya vichwa vyao.

Wakati wa kutoka, machela ilikuwa na mtu. Haikuweza kuinuliwa juu. Waliizungusha huku, wakaizungusha kule, mwisho Lokeno akabomoa rundo lake la kuni kwa mikono ili wapate upenyo.

"Hili tanuri ni la nani?" Elijah aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa akitokwa na jasho.

"Ni langu," Manyok alisema.

Elijah alishika tena machela, wakaendelea. Lakini maneno yake mwenyewe, "ni langu," yalibaki masikioni mwa Manyok njia nzima.

Hospitalini Akuch alipewa dawa ya sumu ya nyoka. Daktari akamwita Manyok pembeni. "Uvimbe umepanda mpaka begani," alisema. "Nadhani atapona. Lakini damu yake inahitaji kuangaliwa kwa karibu. Tunampeleka hospitali kubwa ya Lodwar."

Manyok akaandikiwa kibali cha kusafiri nje ya kambi. Akamwacha Kuot kwa mke wa Thiong, akapanda gari pamoja na mgonjwa.

Lodwar, Manyok hakuwa na ndugu. Alimjua mtu mmoja tu, Mwalimu Lokol, aliyewahi kufundisha shule moja kambini na kusali nao Jumapili. Lokol alikaa Kanamkemer, mtaa ulio nje kidogo ya katikati ya mji. Alimkaribisha Manyok kwa mikono miwili.

"Utalala hapa mpaka mama apone," Lokol alisema. "Na usiniambie habari ya usumbufu."

Mwaka ule Lodwar ilikuwa ikikua kama mtoto aliyeachishwa ziwa akapenda ugali. Mafuta yalikuwa yamegunduliwa kusini, malori yalipita usiku na mchana, na watu walitoka Kitale, Kisumu na Nairobi kutafuta riziki. Kila wiki nyumba mpya ilisimama mahali ambapo wiki iliyopita palikuwa na mchanga na miiba.

Siku ya tatu Akuch aliweza kuketi na kunywa uji. Manyok alirudi Kanamkemer moyo umetulia kidogo. Alimkuta mwanamke mmoja nje ya lango la Lokol. Alikuwa na kopo la rangi nyeupe, brashi, na simu kubwa ya kioo. Alikuwa akiandika namba kwenye lango.

"Huyu ni jirani yetu, Maryanne Ajwang," Lokol alisema. "Anafanya kazi katika ofisi ya mipango ya mji. Alitoka kwao Homa Bay miaka mitatu iliyopita. Sasa samaki wa Ziwa Turkana ndio anaowasifu."

"Sijawasifu," Maryanne alisema akicheka. "Nimesema wanalika."

Kabla hawajamaliza kusalimiana, bodaboda ilisimama mbele yao. Kijana aliyeiendesha alisoma lango, akashuka na chupa ya supu. Mke wa Lokol alikuwa ameiagiza kwa mgonjwa.

"Wewe ulishawahi kufika hapa?" Manyok alimuuliza.

"Hapana, mzee. Nimeambiwa Kanamkemer, njia ya tatu, namba tisa." Kijana akawasha pikipiki, akaenda zake.

Manyok aliitazama pikipiki mpaka ilipopotea. Kisha akalitazama lango. Kisha akaketi juu ya jiwe, akamwambia Maryanne habari yote: nyoka, kanisa la mabati, honi iliyosikika kushoto na kulia, dakika hamsini. Hakuificha habari ya tanuri.

Maryanne aliweka brashi chini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Kuot, wewe ni mwokaji," alisema. "Ukiwa na mikate mia kwenye trei, na kila mmoja una mwenyewe, utajuaje huu ni wa nani?"

"Nautia alama."

"Mji nao ni hivyo. Nyumba zikiwa kumi, kila mtu anamjua mwenzake. Zikifika elfu, kujuana hakutoshi. Lazima kila njia iwe na jina, na kila mlango uwe na namba. Watu wakubwa wakikutana Nairobi wanasema habari za miji mierevu. Wanaonyesha picha za taa na majumba ya vioo. Mimi nasema, tuanze na hili. Mji usiojua watu wake wako wapi hauwezi kuwapelekea maji, wala umeme, wala ambulensi."

"Na hiyo simu ni ya nini?"

"Njoo uone." Maryanne alisimama mbele ya lango, akabonyeza. "Simu hii inapata habari kutoka kwenye mitambo iliyo juu angani. Inajua mahali niliposimama. Naandika, namba tisa, nyumba ya Mwalimu Lokol. Nikizunguka mtaa wote, napata ramani. Ramani hiyo naweza kumpa mtu wa maji, mtu wa hospitali, hata vijana wa bodaboda."

"Lakini kwetu kuna namba za bloki tayari," Manyok alisema. "Ziko kwenye kadi."

"Namba iliyo chini ya kitanda haimsaidii dereva. Iwe mlangoni, iwe kubwa, na watu waizoee mdomoni. Hapo ndipo inafanya kazi."

Manyok akaitikia kwa kichwa polepole. Jioni ile alimwomba Maryanne amwonyeshe jinsi ya kupanga namba. Maryanne akachora mchangani kwa kijiti. Unaanzia kwenye mdomo wa njia. Upande wa kushoto unaandika moja, tatu, tano, saba. Upande wa kulia unaandika mbili, nne, sita, nane. Mtu akiambiwa namba nane, anajua mara moja ageukie upande gani.

Akuch alitoka hospitali baada ya siku tisa. Mkono ulikuwa umepona. Kidole cha kati tu ndicho kilichokataa kukunjika, na daktari alisema huenda kisikunjike tena. Akuch alikitazama, akasema, "Unga hauhitaji vidole vyote."

Walipofika nyumbani, Manyok hakungoja. Alimwendea Puok, mwenyekiti wa bloki, akamweleza. Puok alikuwa mtu mpole aliyefikiri kabla ya kujibu.

"Wazo ni zuri," Puok alisema. "Ila watu wataogopa. Mtu akiona namba ukutani kwake, atasema wanataka kumhamisha."

"Basi tuwaite tuwaambie."

Watu wakaitwa. Walikaa mbele ya kanisa, na kweli waliogopa. Nyakuoth, muuza mboga, aliuliza kama namba ni ya kuhesabu nani apunguziwe chakula. Mwingine akauliza kama ni kodi. Puok akawaambia kwamba amekwisha kuwauliza wasimamizi wa kambi, nao wameruhusu. Namba ni ya mlango, si ya mtu. Manyok naye akasimama.

"Mimi si msemaji," alianza. "Mnajua yaliyompata mke wangu. Siku ile nilikuwa na simu, nilikuwa na salio, na gari lilikuwa na mafuta. Tulikosa kitu kimoja. Hatukuweza kusema tuko wapi."

Watu wakakubali. Wakaanza kuchagua jina la njia.

"Njia ya Mkate," mtu mmoja alisema.

Thiong akakataa. "Nitawaambiaje wateja wangu kwamba nashona suti katika Njia ya Mkate? Watafikiri nauza nguo zenye unga."

Watu wakacheka. Jina halikupatikana siku ile. Lakini namba ziliandikwa. Manyok na Puok walizunguka na rangi, mlango kwa mlango. Nyumba ya Manyok, iliyokuwa upande wa kulia, ikawa namba kumi na nne.

Wiki iliyofuata Elijah alipita kumjulia hali Akuch. Alikunywa chai, akasifu namba. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mzee Manyok, nikuambie ukweli?"

"Niambie."

"Nikipigiwa leo, nitaijua nyumba. Nitafika pale mwanzo wa njia haraka. Halafu nitasimama palepale niliposimama siku ile."

Manyok alijua kwamba neno hilo lingekuja. Alikuwa amelikwepa tangu Lodwar. Aliandika namba ishirini na mbili, na kila mara alipopita penye tanuri lake aligeuza uso.

Elijah alipoondoka, Akuch alianza kukusanya vikombe. "Tukilivunja, tutaoka wapi?" Manyok alimuuliza.

"Ndani ya ua."

"Ua hautoshi. Itabidi tuvunje jiko na kile chumba kidogo."

"Basi tutavunja jiko na chumba kidogo."

"Wateja watakwenda kwingine. Kazi itasimama wiki tatu, labda nne."

Akuch aliketi. Aliunyosha mkono wake wa kulia juu ya goti. "Baba Kuot, mimi nilikuwa kwenye ile machela," alisema. "Walipofika pale, waliizungusha mara nne. Nilihesabu. Nilikuwa nikilitazama tanuri letu kutoka chini, nikasema moyoni, nimelipaka udongo huu kwa mikono yangu mwenyewe. Sitaki mtu mwingine alitazame kutoka pale."

Kesho yake asubuhi Manyok alichukua nyundo. Kabla ya kuanza alivuka njia, akamwendea Thiong.

"Mimi navunja tanuri," alisema. "Wewe je, baraza lako?"

Thiong alisukuma cherehani kidogo, akawaza. Hakutaka. Kivuli kile ndicho kilikuwa duka lake. "Nani ataona nguo zangu nikiwa ndani?" aliuliza.

"Toa baraza, na njia tuiite Njia ya Cherehani."

Thiong akamtazama kuona kama anatania. "Wewe utauza mikate katika Njia ya Cherehani?"

"Nitauza. Mkate hauna kiburi."

Thiong akainuka, akaanza kufungua misumari.

Kulivunja tanuri kulichukua siku moja tu. Kulijenga jipya kulichukua wiki tatu na nusu. Zilikuwa wiki ngumu. Baadhi ya wateja walihamia kwa mwokaji wa Kihabeshi upande wa pili wa soko. Nyumbani walikula uji bila mkate, na Kuot alinuna kila asubuhi. Lakini Lokeno alikuja na mkokoteni kubeba matofali, na hakutaka malipo. Nyakuoth aliondoa meza yake ya mboga, mwingine akahamisha kuku. Hakuna aliyewalazimisha. Waliona aibu kubaki njiani peke yao.

Mwezi wa Desemba Maryanne Ajwang alifika Kakuma kwa kazi. Siku mbili za mapumziko alizitoa kwa Njia ya Cherehani na njia nyingine nne za jirani, ambazo sasa nazo zilitaka majina. Alitembea na simu yake, Puok akimtangulia. Alipomaliza, ramani ilichapishwa kwenye karatasi kubwa. Moja ilibandikwa ofisini kwa Puok. Nyingine Elijah aliibandika ukutani, kando ya simu ya ambulensi.

Mwezi wa Februari mwaka 2013, mke wa Thiong alishikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya siku zake. Ilikuwa mchana wa jua kali. Thiong alimpigia Elijah simu.

"Njia ya Cherehani, namba kumi na tatu," alisema.

"Kushoto," Elijah alijibu. "Fungueni mlango."

Manyok alikuwa akitoa mikate. Alisikia gari, akatoka kulitazama. Liliingia kwenye njia polepole, likapita mahali palipokuwa na tanuri, na upande huu na upande ule palibaki nafasi ya mtu kusimama. Dakika kumi na mbili zilikuwa zimepita tangu Thiong apige simu. Mtoto alizaliwa hospitalini salama, msichana, na mama yake alirudi nyumbani siku ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo Manyok hakulitazamia. Biashara ilikua. Zamani alimuuzia mtu aliyesikia harufu tu. Sasa mwenye hoteli katika mji wa Kakuma, ng'ambo ya lagga, alipiga simu asubuhi, akasema anataka mikate sitini, na bodaboda ikaja moja kwa moja mpaka namba kumi na nne. Shule moja nayo ikaagiza. Manyok akamwajiri Lokeno kupeleka mikate kwa mkokoteni, na Lokeno, ambaye hakuwahi kusoma, alizijua namba zote za njia tano kwa muda wa mwezi mmoja. Thiong alipata wateja wa sare za shule. Alikuwa akisema kwa kila mtu kwamba njia ile imeitwa kwa ajili yake, na hakuna aliyembishia.

Mwezi wa Mei, Manyok alipigiwa simu kutoka Juba. Ilikuwa sauti ya shangazi yake, Anyieth, dada wa baba yake. Hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na miwili. Mapigano yalikuwa yameanza tena katika jimbo lao la Jonglei, nyumba yake ilichomwa, naye alikuwa safarini kuja Kakuma pamoja na watu wengine.

"Ukifika, sema uandikishwe kwanza mapokezi," Manyok alimwambia. "Halafu nipigie, nije nikuchukue."

"Hii simu si yangu, mwanangu. Huko sitakuwa na simu."

"Basi mpe huyo mwenye simu nimwambie kitu aandike."

Zikapita siku kumi na moja. Manyok alikwenda mapokezi mara tatu, akarudi bila habari. Siku ya kumi na mbili alikuwa ndani ya ua, akipanga mikate kwenye trei, aliposikia pikipiki ikisimama kwenye mdomo wa njia. Kisha akasikia hatua. Zilikuja taratibu. Zilisimama, zikaendelea, zikasimama tena. Mtu alikuwa akipita mlango kwa mlango.

Manyok alitoka nje.

Mwanamke mzee, mrefu, aliyekonda, alikuwa amesimama mbele ya mlango wake. Alikuwa na kifurushi kichwani na kipande cha karatasi mkononi. Hakumwangalia Manyok. Aliinua karatasi, akaisogeza karibu na ile rangi nyeupe mlangoni. Alikitazama kilichoandikwa kwenye karatasi, akakitazama kilichoandikwa kwenye mlango.

"Fimbo," alijisemea kwa Kidinka, akigusa moja. "Na kiti kilichopinduliwa," akasema, akigusa nne.

Alirudia tena kuhakikisha. Manyok alitaka kumkimbilia, lakini alijizuia. Alimwacha amalize.

"Ni hapa," Anyieth alisema. Ndipo alipogeuka, akamwona mtoto wa kaka yake.

Walishikana muda mrefu. Akuch akatoka, akapokea kifurushi. Akaleta maji, akaleta kigoda, akaleta mkate ulio moto bado.

"Nani alikuleta, Shangazi?" Manyok aliuliza.

"Mtu wa pikipiki alisoma jina la njia, akaniacha pale mwanzo. Alitaka kunileta mpaka mlangoni. Nikakataa." Anyieth alimega mkate. "Tangu nitoke nyumbani nimeongozwa na watu. Panda hapa, shuka pale, kaa, simama. Nilitaka hii sehemu ya mwisho nije mwenyewe."

Alikula mkate wote, akanywa maji. Akapumzika kidogo. Kisha akaonyesha kwa kidole mlango wa mkabala, wa Thiong.

"Na ule mlango umeandikwaje?"

"Kumi na tatu," Akuch alisema.

"Naiona fimbo. Kile kingine kinachorwaje?"

Akuch akamwaga unga kidogo juu ya ubao wa kukandia, akausambaza kwa kiganja. Akaandika tatu. Shangazi Anyieth akavuta kigoda karibu, akaweka kidole chake kwenye unga, akaanza kuifuata.